Vile Baba Alisimama Mbele ya Mama Mkwe

Juma lililopita nilimpelekea kijana wangu chakula kule Huruma, kwa gereji anakofanya kazi. Nilikuta wamemwaga oili chafu kwa mchanga, ati vumbi isipande. Jua lilikuwa ndio linatoka, mchanga bado uko baridi, na ile harufu ikanipata hapo mlangoni. Nikasimama na kikapu mkononi. Kijana akaniuliza, "Mama, ni nini? Umesahau kitu?" Nikamwambia hapana, nimekumbuka kitu. Akacheka, akachukua chakula, akarudi chini ya gari. Hawa watoto hawana wakati wa kusikiza. Wacha niwaandikie nyinyi wa rika langu, mliozaliwa kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa Wazungu, kama mimi. Ile baridi nitataja, nyinyi mnaijua.

Mchanga na oili chafu, hiyo ndiyo harufu ya baba yangu. Alikuwa kedi, mtu wa kubebea Wazungu mfuko wa fimbo za gofu, hapa hapa Eldoret, wakati wazee walikuwa bado wanaita mji huu Sisibo. Siku hizo uwanja haukuwa na nyasi laini karibu na shimo kama siku hizi. Nyasi yetu ilifaa ng'ombe, haikufaa kampira kadogo. Kwa hivyo kila shimo walilizungushia duara ya mchanga uliochanganywa na oili ya magari, ukashindiliwa mpaka ukawa mgumu, na wakaita brauni. Kabla mtu asukume mpira pale, lazima mchanga ulainishwe kwa kuvuta gunia juu yake, ama mpira utarukaruka kwa alama za viatu.

Brauni ya shimo la mwisho ilikuwa mbele ya laini yetu, ng'ambo tu ya ua wa miiba ya kayaba. Kuitengeneza kila asubuhi kabla Wazungu waamke ilikuwa kazi ya baba. Gunia nilikuwa navuta mimi. Nikimaliza, baba anatoa fimbo moja nzee yenye kichwa cha chuma, ya kusukumia, ambayo mzungu mmoja alikuwa ametupa. Anasimama juu ya mpira, anainamisha kichwa, midomo inatembea kidogo, umande umejaa kwa kofia yake. Mimi nilikuwa najua anaomba. Nilikuwa nafumba macho na kusema "Amina" mpira ukianza kutembea, na nilidhani hiyo ndiyo kazi yangu ya pili baada ya gunia. Siku moja akanisikia. Akaniangalia, akasema, "Endelea hivyo hivyo." Hakunirekebisha.

Lakini sala ama si sala, mpira ulikuwa haumsikii. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika zamani akiwa taniboi, msaidizi wa dereva. Alikuwa anawasha lori kwa hendeli, hendeli ikarudi na nguvu, ikampiga kifundo cha mkono. Mfupa ulijiunga vibaya. Kubeba aliweza, kufagia aliweza, hata kupiga mpira wa mbali aliweza kuliko wengi. Ni hapo karibu na shimo, mahali pa upole, ndipo kifundo kilikuwa kinamsaliti.

Na ile asubuhi naongea juu yake, upole ndio tulikuwa tunautaka kuliko kitu kingine.

Ni hivi. Chumba chetu hakikuwa chetu. Klabu ilikijenga kilale kedi mmoja, mwanaume bila mke. Mama na sisi watoto tulikuwa tunaishi pale kwa sababu nyapara mzee alikuwa anafumba macho. Sasa mzee amechoka, anarudi kwao, na sekretari wa klabu ametoa amri: nyapara peke yake ndiye atakaa na familia. Wanawake wengine wote na watoto wao warudi rizavu, kwao nyumbani, mwezi ukiisha. Watu wa kufaa unyapara walikuwa wawili, baba yangu Yona na rafiki yake Kiprop. Sekretari akashindwa kuchagua, ama aliona uvivu. Siku ya makedi ilikuwa karibu, ile siku moja kwa mwaka ambayo Wazungu walikaa kwa veranda na chai yao wakiangalia makedi wakicheza.

"Wewe na Kiprop," akamwambia baba. "Nani shinda, yeye nyapara. Nyinyi kuwa sawa-sawa, mimi chukua Kiprop. Yeye hapana na watoto."

Baba alituletea hayo maneno jioni, amesimama mlangoni, hajavua koti. Mama alikuwa anasonga ugali. Hakuacha mwiko.

"Mimi sirudi," akasema.

"Mama Esta, si mimi nimesema."

"Najua si wewe. Nasema usikie, na Mungu asikie. Nilirudi mara ya kwanza, nikazika mtoto bila baba yake. Sirudi tena. Tafuta vile utashinda."

Basi baba akaanza kutafuta, na mimi ndiyo maana najua hii kitu, nilikuwa pale na gunia langu. Mchanga wa oili haudanganyi. Mpira ukipita unaacha mstari, na mstari ule unakaa pale unakuangalia. Kwanza alijaribu ile ya Wazungu wengi, kusimama ubavu na kugonga mpira kwa kifundo, tap. Mstari ukapinda kushoto kama mkia wa mbwa. Nikavuta gunia, mkia ukafutika. Akajaribu tena mpaka kifundo kikavimba. Asubuhi nyingine akakaza mikono yote kama mbao, akasukuma na mabega. Hiyo ilikuwa afadhali kwa karibu, lakini kwa mbali kifundo kilikuwa kinaamka na kuharibu. Akajaribu mkono mmoja wa kushoto. Hapo nilicheka, akanitishia na kofia, halafu akacheka pia.

Halafu siku moja akaenda nyuma ya mpira, akalitazama shimo uso kwa uso. Akapanua miguu, mmoja huku mmoja huku, mpira katikati. Akainama, makalio nyuma, mkono wa kushoto juu ya fimbo, wa kulia chini umelegea kabisa, na akaisukuma fimbo kutoka katikati ya miguu kwenda mbele, polepole, kama mtu anayebembeleza mlango wa boma usilie. Mpira ukaenda. Ukaingia. Chini ya shimo walikuwa wameweka mkebe, na mkebe ukalia, ko.

Mstari ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi wa nguo.

 Baba akanionyesha gunia. Nikavuta. Akarudia. Ko. Nikavuta tena. Mpaka jua likapanda juu ya miti ya miwati na Kiprop akaja na jembe lake begani, akasimama kwa njia akatuangalia.

"Yona! Unacheza gofu ama unakamua?"

"Nakamua," baba akasema, bila kuinua kichwa.

"Chunga isikupige teke."

"Hii imezoea mkono wangu."

Kiprop alicheka lakini niliona anaangalia ule mstari. Alikuwa mtu mzuri, na mke wake alikuwa bado anaishi kwa shamba la Kaburu karibu na Ainabkoi, anang'oa magugu kwa ngano. Yeye pia alikuwa anataka ile nyumba ya nyapara, amlete mke. Hiyo sikuielewa wakati ule. Mtoto anadhani mtu akicheka hana shida.

Tungekuwa tumemaliza hapo, baba amechagua, tunangoja siku. Lakini wiki ile ile Guku akaja.

Guku ni nyanya, mama ya mama yangu. Habari ilikuwa imemfikia nyumbani kwamba tunafukuzwa, na yeye hakuwa mtu wa kungoja kuambiwa mara mbili. Alipanda lori la mahindi, akashuka kwa barabara na kamba za kufungia vyombo. Alikuwa mrefu, mweusi, na kitambaa cheupe cha kanisa kichwani. Alikuwa amekuja kutuchukua. Hakulala kwetu. Alilala kwa Mama Rasoa, jirani wa kutoka kwetu, na chakula alikula huko huko. Alipotokea kwa kona, baba alizunguka nyuma ya nyumba kama mtu aliyeona polisi na hana kipande, kile cheti cha kazi. Wakikutana ghafla kwa njia, yeye anaingia kwa nyasi upande huu, Guku anageukia upande ule, anavuta kitambaa mpaka kwa macho. Hawakusalimiana kwa mkono. Hawakutajana jina. Guku akiomba jioni aliombea kila mtu kwa jina lake, mpaka kuku wa Mama Rasoa, lakini baba alimwita "mwenye nyumba hii".

Mimi nimezaliwa laini. Mambo ya nyumbani sikuyajua. Nikaelewa vile mtoto anaelewa: hawa wawili wanachukiana. Na nikajua ndiyo sababu Guku anataka kutuchukua, ili baba abaki peke yake.

Nilimuuliza, hata. Tulikuwa tunachambua mboga.

"Guku, kwa nini hupendi baba yangu?"

"Nani amekuambia?"

"Humwangalii."

Alicheka mpaka akatikisika mabega. "Mama Rasoa, njoo usikie mtoto wa mzungu!" Hakunieleza. Alinipa mboga nyingine nichambue.

Na mlango wa Mama Rasoa ulikuwa unaangalia brauni moja kwa moja. Kesho yake asubuhi baba alifika pale na fimbo, akaangalia upande wa laini, akaona kitambaa cheupe mlangoni. Akasimama ubavu. Akagonga kwa kifundo. Mkia wa mbwa ukarudi.

"Baba, panua miguu," nikamwambia.

"Nyamaza."

"Lakini ile nyingine inaingia!"

"Esta. Vuta gunia."

Asubuhi hiyo, na zilizofuata, nilivuta gunia juu ya mistari iliyopinda mpaka mikono ikanuka oili hata baada ya sabuni. Kiprop akapita tena.

"Mbona umeacha kukamua?"

Baba akaonyesha na kidevu upande wa laini. "Mkwe amekuja."

Kiprop akashika mdomo. Kwao pia wana heshima hiyo. "Wooi. Basi huyo mama amenipatia kazi. Mwambie nitamletea maziwa." Akatembea kidogo, akarudi, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, ndugu. Mimi pia singeweza."

Jioni nilisikia mama na baba wakinong'onezana, taa haijawashwa.

"Utacheza vile unajua kucheza," mama akasema.

"Nitapanua miguu nimeinama, mama yako ameketi pale? Hiyo ni laana nataka?"

"Basi nitamwambia asije kuangalia."

"Mwambie."

Mama akajaribu maneno ya kumwambia Guku. Akaanza, "Mama, siku ile..." akaachia hapo. Nikamsikia anacheka kidogo na kulia kidogo. "Nitasema nini? Nani anaweza kumwambia mama yake mambo ya miguu ya mwanaume?"

"Umeona."

"Basi fundisha hicho kifundo. Mungu hajafunga njia zote. Kesho amka mapema zaidi."

Aliamka mapema zaidi. Hiyo ndiyo kitu nataka muione juu ya baba yangu. Hakulalamika. Aliloweka kifundo kwa maji moto ya chumvi, akakifunga na kitambaa, akasimama ubavu kwa ile baridi ambayo inaweka barafu kwa nyasi, na akapiga, akapiga. Mstari ukaanza kunyooka. Si sana. Kwa karibu ulikuwa mzuri. Kwa mbali, Mungu asaidie.

Siku ya makedi ikafika. Lori la kurudi nyumbani lilikuwa lipite saa za alasiri, na mahali pa kulingojea palikuwa pale pale kwa barabara, kando ya brauni ya mwisho. Kwa hivyo Guku alikuwa amefunga vyombo vyetu tangu asubuhi. Sufuria, blanketi, Biblia ya mama, vyote viko kwa furushi, na yeye ameketi juu yake. Wanawake wa laini wote wakaja kuketi karibu naye. Kila mmoja alijua ni nini kinachezwa. Akishinda, tunafungua furushi. Akishindwa, tunapanda lori. Mama alisimama tu. Alikataa kuketi.

Walitokea mbali kwa bonde, wakapotea nyuma ya miti, wakatokea tena. Mtu alikuja mbio akituletea habari: wako sawa, bado wako sawa. Walipofika kwa shimo la mwisho walikuwa sawa kwa mapigo, na mwenye mapigo machache ndiye hushinda. Kiprop akamaliza kwanza, vizuri, akachukua mpira wake akaenda kando. Mpira wa baba ulikuwa ukingoni mwa brauni. Kedi mmoja akatuambia wanawake kwa lugha yetu: akiingiza kwa mapigo mawili, ameshinda. Matatu, watakuwa sawa. Na sawa ilikuwa ya Kiprop.

Gunia likavutwa. Baba akasimama. Akatuona. Akaona kitambaa cheupe. Nikaona vile alishusha macho, na nikajua atasimama ubavu, na akasimama ubavu.

Midomo yake ilitembea. Nikasema Amina yangu. Akagonga.

Mkia wa mbwa. Mpira ulipinda kushoto, ukapita shimo, ukaenda, ukaenda, ukakaa mbali upande wa pili, karibu vile ulikuwa mbali mwanzo. Kwa veranda mzungu mmoja akasema kitu na wengine wakacheka. Mama alitoa sauti ndogo kama mtu aliyeguswa na moto.

Ndipo Guku akainuka kutoka kwa furushi.

Alimwangalia mama. Aliangalia mpira. Halafu akageuka, polepole, akampa baba mgongo.  Nikajua anamlaani. Nikajua anasema kwa mgongo wake kwamba imekwisha, amemkataa mbele ya watu wote. Nilifungua mdomo nimlilie, lakini mkono wake mkubwa ukanishika kichwa na kunigeuza mimi pia, uso wangu kwa barabara.

"Wanawake," Guku akasema, si kwa sauti kubwa. "Barabara hii ni nzuri. Tuangalie barabara."

Mama Rasoa ndiye alielewa kwanza. Akageuka. Mwingine akageuka. Nikasikia nguo zikisugua nyasi, na mama akaja kusimama karibu yangu, na sisi wote, laini nzima ya wanawake na watoto, tukawa tunaangalia barabara ya murram ambayo haikuwa na kitu, hata mbuzi.

 Nyuma yetu nikasikia sekretari akiuliza, "Nini hii? Bibi nageuka kwa nini?" na Kiprop, Kiprop mwenyewe, akimjibu, "Ni heshima, Bwana. Wacha apige."

Nikasikia gunia linavutwa upya. Nikasikia viatu vya baba vikitafuta mahali, kimoja huku, kimoja huku. Mkono wa Guku ulikuwa bado kichwani kwangu. Niliinua macho. Alikuwa amefumba yake, na midomo yake ilikuwa inatembea kama ya baba. Hakusema "mwenye nyumba hii". Alisema Yona. Nilimsikia. Yona, Yona, Yona, chini kwa chini, jina ambalo hakuruhusiwa kulisema.

Mpaka leo sijaona ule mpira ukienda. Wengine walioona wananiambia ulichukua muda mrefu, ulisita mdomoni mwa shimo. Mimi nilisikia tu.

Ko.

Hakuna mwanamke aliyegeuka. Makedi walipiga kelele, kwa veranda wakapiga makofi, mama akaketi chini kwa vumbi, na bado tulikuwa tunaangalia barabara, kwa sababu Guku alikuwa hajageuka. Akamuuliza Mama Rasoa, "Amefunga miguu?"

Mama Rasoa akachungulia juu ya bega. "Amefunga, mama. Amesimama kama mtu."

Hapo Guku akageuka. Hakumwangalia baba hata wakati huo. Aliangalia ua wa kayaba. Baba naye alikuwa anaangalia viatu vyake, kofia mkononi, na Kiprop amemshika bega.

"Esta," Guku akaniambia, "nenda kwa baba yako. Mwambie mimi sikuona kitu."

Nikakimbia nikavuka mchanga, nikaacha alama za miguu yangu juu ya ule mstari ulionyooka, hakuna aliyenigombeza. Nikamwambia, "Guku anasema hakuona kitu."

Baba akapangusa kofia kwa goti. 

"Mwambie," akasema, "kwamba maisha yangu yote, hakuna mtu amewahi kuniangalia vizuri hivyo."